Huo mchoro wa vita ulioupata Rotterdam: jua kazi yake kabla hujasoma jina

Dada yangu, asante kwa kuandika na kwa zile picha. Kwa faida ya wengine watakaosoma niseme kwa ufupi ulichouliza. Unaishi Rotterdam, umepata kwenye soko la vitu vya zamani karatasi moja isiyofika ukubwa wa A4, imechorwa kwa kalamu na wino, mistari kahawia, vivuli vya kijivu vimewekwa kwa wino uliozimuliwa maji. Wapanda farasi wanagongana na askari wa miguu kwenye matuta ya mchanga, kwa mbali kuna mnara wa kanisa, kona ya chini panasomeka "Langendyk" na 1799, na nyuma mtu ameandika "Bergen". Unauliza kama ni kitu halisi cha karne ya 18, kama aliyechora ndo huyo, na hawa Waholanzi walikuwa wanachora vita kwa ajili gani hasa. Na kaka yako anakwambia uipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo ing'ae halafu uiuze.

La kaka nalijibu kwanza maana ndo la haraka. Usipanguse kabisa. Hata kwa kitambaa kibichi kidogo tu, hata pembeni tu. Kivuli cha wino uliozimuliwa maji kinaweza kuondoka na kitambaa chako palepale, na wino wenye chuma ukipata unyevu unatambaa ndani ya karatasi unaanza kuila upya. Iweke mahali pakavu pasipo jua, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, siyo nailoni, siyo selotepu, halafu endelea kusoma.

Sasa tuje kwenye mchoro wenyewe. Watu wengi wakipata kitu kama hiki macho yanakimbilia sahihi, mimi nakuomba sahihi uiache mwisho kabisa. Anza kwa kujiuliza mchoro ulikuwa wa kazi gani, kwa sababu Uholanzi ya wakati ule mambo ya jeshi yalichorwa na watu wa aina tofauti, na kila mmoja alikuwa na haja yake, na hiyo haja imebaki kwenye karatasi hadi leo ukijua pa kuangalia.

Kulikuwa na mainjinia wa jeshi. Hawa walichora ngome. Nchi yenyewe imejaa maji na ngome, na toka enzi za Menno van Coehoorn, yule bingwa wa ngome aliyefariki 1704, injinia aliyeshindwa kuchora hakuwa injinia. Michoro yao ina kanuni kali. Mwanga unatoka juu kushoto, kuta za matofali au mawe zinapakwa wekundu, kitu ambacho hakijajengwa bado ila kimepangwa kinapakwa njano, maji yana rangi yake, na miinuko ya ardhi inaonyeshwa kwa kivuli cha brashi siyo kwa mistari ya kimo kama kwenye ramani zetu za leo. Chini kuna kipimo kwa fimbo za Rijnland, fimbo moja ni futi 12 za huko, karibu mita 3.77. Mara nyingi pembeni kuna mkato wa ukuta, yaani ukuta umekatwa kama mkate uone handaki lina kina gani na udongo umelundikwa kiasi gani. Ukitaka kuona kazi hii ikiwa kwenye ubora wake tafuta ramani za kina Hattinga, baba Willem Tiberius na wanawe, walizochora za Zeeland katikati ya karne ile, ni kazi ya mkono mtupu na ni nzuri mno. Haraka ya kuchora ngome ilipanda sana baada ya Wafaransa kuuzingira mji wa Bergen op Zoom mwaka 1747, wakaanza mwezi wa saba na tarehe 16 mwezi wa tisa wakauchukua, wakati ile ngome ilikuwa ya Coehoorn mwenyewe na watu waliamini haichukuliki. Ulaya nzima ilitaka kuona ramani ya namna ilivyotokea.

Hapo ndo nataka ulishike vizuri hilo neno "Bergen" la nyuma ya karatasi yako, maana aliyeandika huenda hakuwa mchoraji, huenda ni muuzaji au mrithi wa miaka mia baadaye, na kuna Bergen mbili zinazochanganywa sana. Kuna hiyo Bergen op Zoom ya 1747, kusini, mji wenye ngome. Na kuna kijiji cha Bergen kule kaskazini karibu na bahari, kwenye matuta ya mchanga, palipopiganwa vita tarehe 19 mwezi wa tisa 1799. Mchoro wako una matuta na hauna ngome wala mahandaki, kwa hiyo mimi naegemea hii ya pili, ila nitakuonyesha kofia zinavyoamua.

Kabla ya hapo nitaje kundi lingine maana linatuhusu sisi wa huku, maofisa waliokuwa nje kwa kampuni ya VOC, ile kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya India ya Mashariki. Johannes Rach, mzaliwa wa Copenhagen, ofisa wa mizinga kule Batavia ambayo ndo Jakarta ya leo, alichora mji ule, ngome, majumba na mashamba ya matajiri kwa wino na kivuli, na hadi leo michoro yake mingi iko Maktaba ya Taifa ya Indonesia. Njiani alipita Rasi ya Tumaini Jema akaichora Cape Town mwaka 1762. Na hapo Rasi kuna Robert Jacob Gordon, kanali, mkuu wa kikosi cha askari wa pale. Alisafiri ndani ya Afrika Kusini na kurudi na michoro ya milima, watu, mimea na wanyama, akampima hadi twiga na kumchora, na ana mandhari ndefu ajabu, karatasi zimeungwa moja baada ya nyingine mpaka unaona upeo wote wa macho. Mkusanyiko wake unazidi michoro 400 na uko Rijksmuseum, makumbusho ya taifa kule Amsterdam. Unapovitazama kumbuka Rasi ile ilijengwa na nani. Kati ya 1776 na 1778, miaka hiyohiyo Gordon anaanza kuzunguka, meli za VOC zilitoka Rasi zikapanda hadi pwani yetu ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kununua watumwa. Kwenye picha safi ya ngome na bandari huwaoni, ila wao ndo waliobeba mawe na kuni. Mimi siwezi kuitazama michoro ya kampuni ile bila kuwaza hilo na sidhani kama inafaa kuitazama vingine.

Mchoro wako siyo wa injinia na siyo wa ofisa wa kampuni. Hauna kipimo, hauna kaskazini, hauna herufi A, B, C za kuelezea sehemu. Una mstari mweusi wa fremu umechorwa kuzunguka picha, kivuli kimefika hadi ukingoni pande zote nne, watu wamepangwa ili jicho lizunguke. Huo ni mchoro wa kuuza. Matajiri wa Amsterdam na Rotterdam karne ile walikuwa wanakusanya michoro kwenye majalada makubwa, wanaalikana nyumbani kuitazama karatasi moja moja na kuijadili, na mchoraji alijua karatasi yake itashikwa mkononi na kuangaliwa kwa karibu sana. Ndo maana kuna vitu vidogo vidogo vingi vile, farasi aliyeanguka, ngoma imepasuka, mtu amepoteza kofia.

Na huyo Dirk Langendijk, aliyezaliwa 1748 na kufa 1805, yote mawili Rotterdam mjini kwako, alikuwa bingwa wa soko hilo. Jina lake utalikuta limeandikwa kwa ij na kwa y, lisikusumbue. Wakati wake ulikuwa wa misukosuko mitupu. Miaka ya 1780 raia wa upande wa Wazalendo wanashika silaha na kufanya mazoezi dhidi ya wafuasi wa ukoo wa Orange, 1787 jeshi la Prussia linaingia kumrudishia mamlaka mtawala William wa Tano, Januari 1795 Wafaransa wanavuka mito iliyoganda barafu na jamhuri mpya ya Batavia, yaani Uholanzi yenyewe siyo ule mji wa Jakarta, inazaliwa, halafu tarehe 27 mwezi wa nane 1799 Waingereza wanashuka ufukweni Callantsoog, Warusi wanafuata, wanapigana na Wafaransa na Wabatavia wa jenerali Brune pale Bergen, kisha Egmond na Alkmaar, kisha Castricum, hadi mkataba wa Alkmaar wa tarehe 18 mwezi wa kumi wakakubali kuondoka. Langendijk alivichora hivyo vitu, na watu walivinunua kwa sababu ni habari za juzi tu, wengine walikuwa na ndugu huko. Kwa hiyo mwaka na mada kwenye karatasi yako vinakaa pamoja vizuri. Hilo peke yake halithibitishi kitu, ila ni mwanzo mzuri.

Kofia sasa. Kwa kuwa kivuli ni kijivu huwezi kuona koti jekundu la Mwingereza wala kijani cha Mrusi wala buluu ya Mbatavia, mchoraji alilijua hilo akaweka tofauti kwenye umbo. Kwenye picha uliyotuma, kushoto, kuna askari watatu wana kofia ndefu zenye ncha, mbele zinang'aa, yaani ameacha karatasi nyeupe pale. Hao ni magrenadia wa Kirusi, yaani askari wa miguu wateule, tsar Paul aliwavalisha hivyo kwa mtindo wa Prussia. Wapanda farasi wa kulia wana helmeti yenye manyoya yanayopita juu toka mbele kwenda nyuma, hiyo ni ya dragoni wepesi wa Kiingereza. Ukikuta sketi za Waskoti ni Waingereza tena, walikuwepo 1799. Ingekuwa 1747 ungeona kofia za pembe tatu kwa wengi, ingawa magrenadia wa wakati huo nao walivaa kofia ndefu. Na ule mnara utazame tena kwa lensi, kijiji cha Bergen kina kanisa gofu, liliungua 1574 na halikujengwa lote upya, kama kwenye mchoro kuna kuta zisizo na paa karibu na mnara basi aliyechora alikuwa anajua anachora wapi au alikuwa na picha ya pale mbele yake.

Tuingie kwenye wino, hapa ndo napenda kukaa muda mrefu. Chukua lensi ya kukuza mara kumi, za bei rahisi zipo, na taa ya pembeni. Angalia tumbo la yule farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kalamu ya unyoya wa bata bukini inapanuka ukiikandamiza na inabana ukiinua, kwa hiyo mstari mmoja wa tumbo unaanza mwembamba, unanenepa kwenye mbinuko, unaisha kama nywele, na pale wino ulipokuwa unaisha utaona mstari umegawanyika kuwa reli mbili kwa sababu ncha za kalamu zimeachana na katikati hamna wino. Mashine haifanyi hivyo na bamba la shaba la kuchapia picha nalo halifanyi hivyo. Kisha angalia rangi ya mstari wenyewe. Wino wa kawaida wa kuandikia wakati ule ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma, na gundi ya mgunga, gundi ileile inayotoka Sudan. Ukiandikwa ni mweusi, miaka ikipita unageuka kahawia, na pale ulipodondoka mwingi unakuwa mzito zaidi, una kivuli cha kahawia kuzunguka mstari, na ukigeuza karatasi unauona umetokea nyuma. Sehemu nyingine unakuwa umetoboa kabisa. Kwenye picha yako ya nyuma naona vidoa viwili palipo na giza la kwato, hiyo ni dalili nzuri kwetu na mbaya kwa karatasi.

Kivuli cha kijivu ni kitu kingine. Huo ni wino wa Kichina, Waholanzi waliuita wa India ya Mashariki, unakuja ukiwa kipande kikavu cha masizi na gundi, unausugua na maji kwenye kijiwe mpaka upate weusi unaoutaka, halafu unauzimua kwenye vikombe kadhaa, kimoja kama chai nzito, kimoja kama maji ya kuoshea mchele. Masizi ni kaboni, hayapauki. Ndo maana mistari yako imegeuka kahawia na vivuli vimebaki kijivu kilekile, zilikuwa rangi mbili zinazokaribiana siku ya kwanza na wino mmoja umezeeka mwingine haujazeeka. Mtu anayeghushi leo mara nyingi anatumia kahawia toka mwanzo kwenye kila kitu, kwa sababu ndo anavyoiona michoro ya zamani makumbusho.

Mafundi wa wakati ule walianza na penseli au chaki nyeusi kidogo sana, wakaja na kalamu, wakaja na kivuli chepesi kote, wakasubiri kikauke, wakaweka kizito juu yake. Ukiangalia ukingo wa kila tabaka utaona mstari mwembamba mweusi zaidi, pale maji yalipokaukia. Tafuta tabaka mbili tatu zilizopishana. Na sasa tazama moshi wa bunduki katikati ya mchoro wako. Haujachorwa. Ameacha karatasi tupu, akaweka kivuli kuuzunguka, akalainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye maji na kuacha mwingine mkali, na moshi umepanda wenyewe. Hii ni akili kubwa kwa sababu moshi ndo unaotenganisha kundi la mbele na la nyuma, bila huo watu mia wangekuwa fujo tupu. Ukikosea huwezi kufuta, mweupe ukishaupaka umeondoka. Mkono uliofanya moshi huo ulikuwa unajua kazi, hilo nalisema bila wasiwasi hata kama jina litakuja kuwa la mtu mwingine.

Kuna tahadhari moja ya kweli kabisa. Karne ileile ya 18 kulikuwa na bwana mmoja wa Amsterdam, Cornelis Ploos van Amstel, mfanyabiashara wa mbao na mkusanyaji mkubwa, aliyegundua namna ya kuchapa picha zinazofanana na michoro ya kalamu na kivuli, akaanza kuzitoa miaka ya 1760. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walidanganyika na bado wanadanganyika. Kwa hiyo angalia kama kuna kibonyeo cha bamba kuzunguka picha, na kama kivuli kina chembechembe sawasawa kila mahali badala ya ukingo wa maji. Wako una ukingo wa maji, niliuona kwenye anga upande wa kulia.

Karatasi tunaimaliza haraka. Ishike mbele ya dirisha au weka tochi nyuma yake. Unatakiwa uone mistari myembamba iliyobanana na mingine ya kusimama iliyo kama sentimita 2.5 mbalimbali, hiyo ni karatasi ya mkono ya matambara. Ukiona alama ya maji, yaani alama ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi yenyewe, yenye mzinga wa nyuki ndani ya ngao, ni ya familia ya Honig ya Zaandijk, ila viwanda vingine viliiga alama hiyo kwa hiyo isikupe kiburi. Ikiwa laini bila mistari usikate tamaa kwa 1799, maana aina hiyo Waingereza walishaianza miaka ya 1750. Halafu chukua ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, nenda nayo chumba cha giza. Karatasi ikiwaka buluu nyeupe ina dawa za kung'arisha za baada ya vita kuu ya pili na mjadala umeisha. Isipowaka bado siyo ushahidi kamili, kwa sababu kurasa tupu za vitabu vya zamani huchanwa na kuchorewa upya, karatasi ina miaka 200 na mchoro una miezi miwili.

Na ndo tunafika kwenye jina. Lililoandikwa kwako ni "Langendyk" tu, hakuna jina la kwanza, na Dirk alikuwa na mtoto, Jan Anthonie, alizaliwa 1780, naye alichora wanajeshi maisha yake yote, na mwaka 1799 ana miaka 19, yuko palepale. Kwa hiyo hata jina likiwa la kweli bado swali halijaisha. Angalia kama wino wa jina ni uleule wa mistari, umezeeka kwa namna ileile, una kivuli kilekile cha kahawia pembeni. Angalia kama jina limeandikwa kabla ya kivuli, yaani kivuli kimepita juu yake, au limewekwa juu ya kivuli kilichokwisha kukauka. Likiwa juu na wino ni tofauti, huenda muuzaji wa karne ya 19 alilisaidia. Kwenye maabara wana kamera ya infraredi inayosaidia sana, wino wa chuma unafifia karibu kupotea na kaboni inabaki nyeusi, kwa hiyo jina lililoandikwa kwa kaboni wakati mistari ni ya wino wa chuma linajitokeza lenyewe.

Kwa ninavyoona kwenye picha, ni mchoro wa mkono, wa mwisho wa karne ya 18 au miaka michache sana baadaye, unaonyesha mapigano ya 1799 kaskazini mwa Uholanzi, umetengenezwa kwa ajili ya mkusanyaji. Kuhusu nani, nasema ni wa karibu sana na kina Langendijk, na kati ya baba, mwana na mtu aliyewaiga siwezi kuchagua kwa picha ya simu. Lakini wewe uko mji ambao jibu linaweza kupatikana kwa miguu. Atlas van Stolk iko hapo hapo Rotterdam, ni mkusanyiko mkubwa wa picha za historia ya Uholanzi, waandikie barua pepe fupi, omba kuona michoro ya Langendijk baba na mwana ya 1799, na ukienda nenda na picha zako kubwa zilizochapwa vizuri, siyo mchoro wenyewe kwenye mkoba. Rijksmuseum wameweka michoro yao mtandaoni bure kwa ukubwa wa kutosha kuhesabu kwato, weka wao upande mmoja na wako upande mwingine, linganisha hasa namna anavyochora mikono, masikio ya farasi na majani ya kwenye mchanga, siyo mpangilio wa jumla, maana mpangilio unaigwa kirahisi na masikio watu huyachora bila kufikiri. RKD, taasisi ya historia ya sanaa kule The Hague, nao wana kumbukumbu za picha za wachoraji wa Kiholanzi na wanaonyesha watu wote.

Kuhusu kuuza, kaka asubiri. Kabla hayo hayajafanyika utauza kwa bei ya karatasi nzuri ya zamani, na fundi wa kuhifadhi karatasi za zamani anatakiwa aone kwanza vile vidoa vya nyuma ya kwato kabla havijawa matundu. Ukipiga picha za tochi nyuma ya karatasi nitumie, hasa kona ya chini kushoto, kwenye picha ya kwanza naona kama kuna alama ya maji imekatwa nusu pale.